Miamba Yetu ni Sehemu ya Utamaduni Wetu

Msafiri atokaye mjini Morogoro na kufuata barabara kuu iendayo Iringa huwa na Milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto. Baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 25 hufika Mzumbe, mahali ambapo tangu mwaka 1953 watumishi wa serikali za mitaa wamekuwa wakifundishwa kazi zao. Shule hiyo ya kikoloni ilikuja kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo baada ya Uhuru, na leo ni Chuo Kikuu. Kijiji ambamo chuo kimesimama chaitwa Changarawe.

Sisi ni miongoni mwa makarani waliopita hapo. Tulifundishwa namna ya kuandika barua ya serikali, namna ya kutunza majalada, na namna ya kufunga hesabu za mwaka. Kila asubuhi tulikwenda darasani tukikanyaga kokoto, na kila jioni tulirudi tukiutazama mlima ukibadili rangi kwa jua la magharibi. Lakini katika muda wote ule hakuna mwalimu aliyetuuliza, wala sisi hatukumwuliza mtu: changarawe hii imetoka wapi? Jina la kijiji lilikuwa somo kamili, nasi tulilitumia kama anwani tu ya kupokelea barua.

Changarawe ni mlima uliovunjika. Mwamba wa juu hupasuka kwa jua na mvua, vijito huvitwaa vipande vyake, huvisugua njiani, na kuvitua bondeni pale maji yanapopoteza nguvu. Mtu aliyelipa bonde jina hilo alikuwa ameitazama nchi yake kwa makini. Sisi tuliokuja na madaftari hatukuitazama.

Tumeandika makala hii ili kutetea jambo moja. Twasema kwamba milima, mapango, mabonde na mawe ya nchi hii ni hazina ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma, tenzi na hadithi. Na kwamba umma una haki ya kufundishwa jinsi nchi yake ilivyoumbika, mahali pale pale nchi hiyo ilipo, kwa lugha yake yenyewe. Elimu hiyo isihesabiwe kuwa ya wachimba madini na wageni peke yao. Wanaosema vinginevyo tutawajibu mmoja baada ya mwingine.

Kwanza tukiri makosa yetu wenyewe. Tulipokuwa katika shule ya sekondari tulikariri kwa Kiingereza majina ya aina tatu za miamba: ile iliyozaliwa na moto, ile iliyolundikwa tabaka juu ya tabaka, na ile iliyogeuzwa kwa joto na mkandamizo. Mifano iliyokuwa kitabuni ilikuwa ya Ulaya. Tulichora ubaoni mlima usio na jina, tukauwekea mishale, tukapata alama nzuri katika mtihani. Nje ya dirisha palikuwa na jabali lenye michirizi myeupe na myeusi, ambalo mwalimu angaliweza kuligusa kwa fimbo yake asitoke hatua ishirini kutoka mlangoni. Hakuligusa. Hatumlaumu, kwa kuwa naye alifundishwa hivyo hivyo. Lakini mwaka 1967 taifa hili lilikuwa limekwisha kuambiwa katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isimtenge mtoto na mazingira ya wazazi wake. Yatupasa tuulize kama jabali la nje ya dirisha limepata kusikia habari hiyo.

Sasa tutazame ni nini ambacho mlima huu ungetufundisha kama tungeuuliza.

Watu wengi katika nchi yetu hudhani kwamba kila mlima mrefu ulizaliwa na volkeno. Dhana hiyo haina ajabu, maana Kilimanjaro, Meru, Rungwe, Hanang na Oldoinyo Lengai zote ni za volkeno, na sifa zake zimeenea. Lakini Uluguru si ndugu wa hao. Ni mmoja wa mlolongo wa milima ya kale uitwao Tao la Mashariki, uanziao Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Ukaguru, ukaja Uluguru na kuishia Udzungwa. Miamba yake ilipikwa chini sana ardhini, kwa joto na mkandamizo mkubwa, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Baadaye ardhi ilipasuka, sehemu nyingine zikadidimia na nyingine zikainuka. Mvua nayo haikuchoka kuchonga, hata ikabaki milima hii ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600.

Upande wa mashariki, njia ya kwenda Matombo, kuna ajabu nyingine. Msitu wa Kimboza umeota juu ya marimari. Marimari ni jiwe la chokaa lililogeuzwa kwa joto, na chokaa ile ya asili ilitulia chini ya bahari. Basi Mluguru, ambaye jina la kabila lake lamaanisha mtu wa mlimani, analima leo kando ya sakafu ya bahari ya kale. Ndani ya marimari ya Matombo hupatikana vito vyekundu vya rubi na spineli. Juu ya mwamba huo huo, uliotobolewa na maji hata ukawa na nyufa, mashimo na mapango, huota mikadi. Na katika majani ya mikadi huishi mjusi mdogo wa rangi ya samawati, ambaye nje ya Kimboza na misitu michache iliyo karibu hapatikani kokote duniani. Wageni walimpenda mjusi huyo hata wakamnunua kwa maelfu kuwa pambo la nyumba zao, mpaka biashara yake ikapigwa marufuku ya kimataifa. Je, ni watoto wangapi wa Morogoro wajuao kwamba mjusi amefuata mkadi, mkadi umefuata mwamba, na mwamba ulitoka baharini?

Tena tukumbuke maji. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi huugonga mlima huu, huumwagia mvua, nao huipokea katika udongo na nyufa za miamba yake na kuitoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Ndiyo chemchemi za mto Ruvu. Mkazi wa Dar es Salaam afunguapo bomba na kulalamika kwamba maji ni mekundu, analalamikia habari za mlima asiopata kufundishwa.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba jiolojia ni kazi ya wataalamu, na kwamba mwananchi wa kawaida hana haja nayo. Hao twawaomba wasome historia ya Uluguru. Katika miaka ya hamsini wakoloni walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa milima hii. Waliwaamuru watu wachimbe ngazi katika miteremko ya mashamba yao, siku kadhaa za juma, kwa nguvu na kwa tishio la faini. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hatukatai. Lakini udongo wa milima hii si wa namna moja. Kuna mahali ambapo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu, na mtu akichimba ngazi hapo huufukia ule mzuri na kuufunua ule mbovu. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao, wakasema, wasisikilizwe. Hakuna aliyeketi nao kuwaeleza mlima, wala aliyeketi nao kuelezwa. Mwisho wake ulikuwa ghasia za Matombo za Julai 1955, ambapo polisi walifyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukaachwa, na kwa miaka mingi baadaye neno la kuhifadhi udongo likawa chungu masikioni mwa watu. Huo ndio utaalamu usioshirikisha umma. Unaweza kuwa na vipimo sahihi, na bado ukavuna damu.

Tena kuna ushahidi ulio mzito zaidi. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii, nyuma ya Mzumbe. Katika muda usiotimia saa tatu zilimwagika milimita zipatazo 100. Miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walikwenda, wakapima, wakahesabu. Waligundua kwamba karibu maporomoko yote yalianzia katika mashamba na nyika. Yaliyoanzia penye msitu hayakufika hata moja katika kila mia. Sababu yake haihitaji shahada kuieleweka. Udongo wa mteremko umelala juu ya mwamba mgumu kama mkeka juu ya sakafu. Maji yakipenya hadi chini ya mkeka, mkeka huteleza. Mizizi ya miti mikubwa hushona mkeka na sakafu. Miti ikiondolewa, mizizi huoza, na uzi hukatika.

Habari hii ni ya uhai na mauti, nayo ilichapwa mwaka 1972 katika jarida la Sweden, kwa Kiingereza. Twaheshimu kazi ya wale waliopima. Walifanya sehemu yao vema. Sehemu iliyobaki ilikuwa yetu: kuitafsiri, kuipeleka shuleni, kuibandika katika ofisi ya kata, kuitungia wimbo ikibidi. Ni nini tulichofanya? Mzee wa Mgeta aliyeona mteremko ukishuka alibaki na hofu yake. Msomi alibaki na takwimu zake. Na baina yao hapakuwa na daraja.

Wala mtu asidhani kwamba hayo ni ya zamani. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaangukia Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mara uvumi ukaenea kwamba volkeno imelipuka, hata Serikali ikalazimika kueleza kwamba haikuwa volkeno, bali sehemu ya mlima yenye miamba laini ilikuwa imekunywa maji ikakatika. Tulilia pamoja na ndugu zetu wa Hanang. Lakini tukishafuta machozi yatupasa kujiuliza: ni wangapi kati yetu tukaao chini ya milima tuwezao kuzitambua dalili? Ufa mpya katika ardhi ya mteremko. Miti iliyosimama wima jana na leo imeinama. Chemchemi inayotokea ghafula mahali pakavu, au kijito kinachogeuka tope pasipo sababu. Ukuta unaopasuka na mlango usiofungika. Hizo ni herufi za kitabu. Asiyezijua hufa akiwa amezitazama.

Wapinzani wa pili ni wale wasemao kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi, vyakula na mashairi, na kwamba mawe hayaingii. Hao twawajibu tukiwa washairi. Mwanadamu hutunga kutokana na nchi anayoikalia. Matombo imeitwa hivyo kwa kuwa vilele vyake viwili vilifanana na maziwa ya mama, na jina hilo ni taswira ambayo mshairi yeyote angejivunia. Chokaa imejenga miji ya pwani yetu kutoka Kilwa hadi Lamu. Pasipo matumbawe pasingekuwapo misikiti yake wala nakshi zake. Udongo wa mfinyanzi umezaa vyungu, na vyungu vimezaa methali. Atakaye kuutenga utamaduni na ardhi yake anautaka ua ukiwa umekatwa na kutiwa chupani. Utapendeza siku mbili.

Wa tatu ni wale wasemao kwamba mapango ni mahali pa matambiko, na kwamba kuyafundishia sayansi ni kuyavunjia heshima. Na kinyume chao wako wale wasemao kwamba matambiko ni ushirikina, na kwamba sayansi ikiingia pangoni mizimu lazima itoke. Pande zote mbili twaziona zimekosea.

Katika Uluguru ya kusini-mashariki kuna Kolero, na habari za pango la Kolelo zilikuwa zimefika hadi Uzaramo na pwani. Watu walisafiri siku nyingi kwenda huko kuomba mvua na baraka za mashamba. Mwaka 1905, ilipopambazuka vita vya Maji Maji, jina la Kolelo lilikuwa miongoni mwa majina yaliyowatia watu moyo wa kukataa kodi ya Wajerumani. Basi pango hilo ni sehemu ya historia ya ukombozi wetu, na hakuna mwenye haki ya kuliingia na kamba na taa pasipo idhini ya wazee wenye dhamana yake. Hiyo ndiyo heshima. Lakini tutafakari jambo lingine: kwa nini mahali pa kuombea mvua pawe ndani ya mlima? Kwa sababu wazee waliona kwamba maji hutoka humo. Waliona uhusiano wa mlima, wingu na chemchemi, wakaulinda kwa miiko kwa kuwa miiko ndiyo sheria waliyokuwa nayo. Msitu wa tambiko haukukatwa, na chemchemi haikukauka. Mwanajiolojia akija na maelezo yake hamfukuzi mzee. Anamkuta mlangoni, na yafaa abishe hodi.

Tuchukue mfano wa pili, ulio wazi kwa watu wote, nao ni mapango ya Amboni karibu na Tanga. Yamo katika mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, yaliyotulia baharini zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Mgeni akiingia huonyeshwa maumbo ya mawe: hili lafanana na tembo, hili na meli, hili na Mlima Kilimanjaro. Husimuliwa pia kwamba pango lafika hadi Mombasa, na kwamba katika miaka ya hamsini Otango na mwenzake walijificha humo wakikimbia polisi wa kikoloni. Hadithi hizo twazipenda, wala hatutaki zifutwe. Wapimaji wameonyesha kwamba pango refu kuliko yote halitimizi kilomita moja. Basi na asimuliwe mgeni yote mawili, hadithi na kipimo, acheke na ajifunze. Lakini haitoshi kuonyeshwa tembo wa jiwe pasipo kuelezwa ni nani aliyemchonga.

Aliyemchonga ni tone la maji. Mvua ishukapo huchukua angani hewa ya kaboni, na ikipita katika udongo wenye majani yaozayo huchukua nyingi zaidi, ikawa na ukali mdogo, kama maji yaliyotiwa ndimu kidogo sana. Ukali huo huyeyusha chokaa. Ufa huwa mfereji, mfereji huwa chumba, na vyumba huungana kuwa pango. Kisha tone lenye chokaa hufika darini mwa pango, hupoteza hewa yake, na kabla ya kuanguka huacha chembe ya chokaa pale liliponing'inia. Lifuatalo huacha nyingine. Huzaliwa nguzo ishukayo kutoka juu, na chini yake nguzo ipandayo kulilaki tone. Mara nyingi ongezeko lake kwa mwaka ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na hapana mahali methali hiyo ilipoandikwa wazi kuliko pangoni. Nguzo ya urefu wa kidole yaweza kuwa imetumia miaka mia saba. Kijana anayeivunja ili apeleke nyumbani ukumbusho, au anayechora jina lake ukutani kwa moshi wa kibatari, ameharibu kwa dakika moja kazi iliyoanza kabla ya ukoo wake kuwa na jina. Hakufanya hivyo kwa uovu. Hakuambiwa.

Wa nne, na hao ndio wenye sauti kubwa zaidi, ni wale wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea elimu hiyo. Hoja hii imekwisha kuzikwa mara nyingi na kila mara hufufuka. Na tuhesabu. Tuna mwamba, jabali, genge, korongo, poromoko na mmomonyoko. Tuna mchanga, changarawe, kokoto, mfinyanzi na tifutifu. Tuna chokaa, marimari na matumbawe. Tuna ulanga, yale madini yang'aayo kama kioo na kubanduka ganda kwa ganda, ambayo yalichimbwa Uluguru tangu zama za Wajerumani. Tuna kinywe, jiwe jeusi la kuandikia. Palipopungua tumekopa na tutaendelea kukopa: volkeno tumeikopa, jiolojia tumeikopa, na hayakuungua midomo yetu. Tofauti ya lugha hai na lugha mfu si wingi wa maneno ya asili bali ni utayari wa wenye lugha kuitumia. Mwalimu amwambiaye mtoto kwa Kiswahili "kamulia ndimu kipande hiki cha chokaa, utazame povu" amefundisha kemia ya mapango yote ya dunia kwa maneno machache. Mwalimu amwandikiaye ubaoni istilahi kumi za kigeni amefundisha hati tu.

Tumekuwa na Idara ya Jiolojia makao yake Dodoma tangu mwaka 1925. Ilipima nchi hii karibu yote na kuchora ramani za thamani kubwa, na mwaka 1964 ilichapa kitabu kizima juu ya jiolojia ya Milima ya Uluguru. Mgeni mwenye Kiingereza na haja ya madini huweza kukitafuta akakisoma. Mwanakijiji wa Kinole, wa Kolero au wa Changarawe, ambaye mlima huo ndio ghala lake na kaburi la baba yake, hana ukurasa mmoja. Huo ni urithi uliofungiwa kabatini, na ufunguo amepewa jirani.

Wala si kwamba hatuwezi. Mwaka 2018 nchi yetu ilipata hifadhi ya jiolojia ya Ngorongoro-Lengai inayotambuliwa na UNESCO, ya kwanza katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Twaipongeza Serikali kwa dhati. Lakini twaonya kwamba hifadhi ya namna hiyo isije ikawa jina zuri la kuvutia wageni peke yao. Maana ya mpango wenyewe ni kwamba wenyeji wa mahali ndio wawe wa kwanza kuijua ardhi yao, kuieleza na kunufaika nayo. Nchini Kenya, katika pango la Panga ya Saidi karibu na pwani, palipatikana kaburi la mtoto aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Habari yake ilipotangazwa mwaka 2021 walimwita kwa Kiswahili, Mtoto. Jina hilo moja limemfanya awe wetu. Fikira kama hiyo ndiyo tuitakayo.

Basi tunapendekeza nini? Hatuombi fedha nyingi. Kwanza, kila shule iliyo karibu na mlima, pango au korongo iwe na siku katika muhula ambapo darasa hufanyika huko, na mzee wa mahali aalikwe kufundisha sambamba na mwalimu: mzee aeleze majina na masimulizi, mwalimu aeleze miamba na maji. Pili, kila shule iwe na rafu ya mawe ya mahali pale, yaliyookotwa na watoto na kuandikwa majina kwa Kiswahili. Rafu hiyo itagharimu ubao na misumari. Tatu, penye pango au maporomoko yanayotembelewa na watu pawekwe ubao wenye maelezo ya Kiswahili sanifu juu ya jinsi mahali hapo palivyoumbika, usiwe ubao wa viingilio na makatazo tu. Nne, vitabu na ramani za jiolojia zilizolipiwa kwa jasho la umma zifupishwe kwa Kiswahili, wilaya kwa wilaya. Na kwa vijiji vya milimani kijitabu cha dalili za maporomoko kitangulie vyote.

La tano latuhusu sisi makarani. Afisa Mtendaji wa Kata ndiye anayeketi na wananchi kuamua shamba lilimwe wapi, shule ijengwe wapi, na mchanga uchimbwe wapi. Wengi wao wamepita, na watapita, katika vyuo kama kile cha Mzumbe. Haielekei mtu ahitimu kuongoza kijiji cha mlimani akiwa anajua sheria zote za halmashauri na hajui sheria moja ya mteremko. Mlima uko nyuma ya darasa. Na wapande nao, angalau mara moja, kabla ya kupewa vyeti.

Tulirudi Changarawe juzi kwa shughuli za kikazi. Kwenye kijito tuliwakuta watoto wakicheza mdako kwa vijiwe. Tulimwomba mmoja atuonyeshe kijiwe chake kizuri kuliko vyote, akafungua kiganja: kilikuwa cheupe, kimezungukwa na mstari mweusi, na pembeni kilimetameta kwa ulanga. Tulimwuliza kimetoka wapi. Akatutazama kana kwamba tumemwuliza jambo la kipumbavu, akanyosha mkono kuelekea juu, mlimani. Jibu lake lilikuwa sahihi. Swali lililofuata, la namna gani na tangu lini, ndilo tulilopaswa kumjibu sisi, na taifa zima pamoja nasi. Kwa niaba yake twaacha beti hii mlangoni pa kila mwenye mamlaka ya kufundisha:

Mlima una habari, aisomae ni nani?
Jabali lina shauri, limefungwa kifuani,
Na maji yana safari, yatokapo mapangoni;
Tusiulize wa mbali, kitabu ki mlangoni.